Breki zilishika, lakini ziliachia?

Swali: Shikamoo, mwalimu. Naendesha semi yenye tela la ekseli tatu, nabeba mashudu ya pamba kutoka hapa Mwanza kwenda Sirari. Wiki iliyopita niliondoka Igoma saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya kuondoka, mimi na utingo tulikagua gari karibu nusu saa: upepo ulijaa, breki zilishika, tairi zote tulizigonga, taa zilikuwa zinawaka. Tumeshapita Nyashimo bila kusimama njiani, Lamadi hatujafika, tairi la ndani la ekseli ya kati upande wa kushoto likapasuka. Tulianza kufungua nati huku rimu haishikiki kwa moto, drumu ya breki imegeuka rangi ya bluu, na tairi la nje nalo likaharibika. Grisi haikumwagika popote. Siku moja kabla ya safari fundi alikuwa amekaza breki za tela. Sasa tajiri, mwenye gari, anasema sikukagua gari na anataka kunikata bei ya tairi mbili. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Pole na safari, na pole na maneno ya tajiri.

Nakuamini kwamba ulikagua. Tena umenitajia vitu vitatu ambavyo dereva akipasukiwa na tairi huwa havitazami kwa sababu anakimbilia jeki: rangi ya drumu, joto la rimu, na grisi. Kwa hivyo vitatu, nina hakika kwa kiasi kikubwa kwamba tairi lako lilipikwa na breki.

Twende taratibu. Tairi la ndani la tela likipasuka asubuhi na mapema, jua halijawaka, barabara tambarare, mshukiwa wa kwanza ni beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu. Beringi ikifa, joto linaanzia katikati kabisa, kwenye kofia ya habu. Grisi inayeyuka na kuchuruzika kwenye rimu kwa ndani, na ukinyanyua gurudumu kwa jeki linacheza. Wewe grisi yako haikutoka, kwa hiyo huyo tumwache. Wa pili ni upepo mdogo kwenye tairi lenyewe. Huyo ni mjanja, nitamrudia. Wa tatu ni breki inayobana, yaani lainingi, kile kitambaa kigumu cha breki, inayosugua drumu muda wote hata kama hujakanyaga.

Ungeniambia umetoka kushuka mlima Sekenke na mzigo, ningekuuliza ulishuka na gia ya ngapi, maana pale hata gari zima linaweza kuunguza breki kwa uzembe wa dereva. Lakini Igoma hadi Lamadi ni tambarare. Kuna matuta ya Kisesa, Nyanguge na Magu, basi. Breki za kupandia matuta hazifanyi chuma kigeuke bluu. Rangi ile inataka joto la karibu nyuzi 300, na inataka gurudumu moja liwe limebanwa kilomita kwa kilomita. Joto la namna hiyo linatoka kwenye drumu, linaingia kwenye rimu, na kutoka kwenye rimu linaingia kwenye mdomo wa tairi, pale raba inapokalia chuma. Tairi la ndani ndilo linaloikumbatia drumu na ndilo lisilopigwa na upepo, kwa hiyo linatangulia. La nje linafuata.

Na breki ilibana kwa sababu gani? Umeitaja mwenyewe, ila umeipitia haraka: fundi alikaza siku moja kabla.

Nimefanya kazi Nyakato miaka mingi, kwanza nikiwa dereva kisha nikiwa chini ya magari, na ukazaji ule naujua. Fundi analala chini ya tela likiwa limesimama kwa matairi yote, anashika spana, anazungusha ile nati ya slaki, ule mkono wa chuma wa kukazia breki, mpaka inagoma, anasema "tayari", anahamia nyingine. Dakika kumi slaki sita zimekwisha. Ukikanyaga unakuta breki kali, unafurahi, unamlipa. Sasa hesabu inavyotakiwa: unaweka vigingi kwenye magurudumu, unafungua breki ya kuegesha ili springi za busta, yale makopo ya upepo yanayosukuma slaki, ziachie, unanyanyua gurudumu kwa jeki, unakaza mpaka lainingi iguse drumu, halafu unarudisha nyuma robo hadi nusu mzunguko. Kisha unalizungusha gurudumu kwa mkono. Likizunguka bila kukwaruza, umemaliza. Ule mzunguko wa kurudisha nyuma ndio watu wengi wanaouruka, na pengine yako ndiyo iliyorukwa.

Kama slaki za tela lako ni zile zinazojikaza zenyewe, habari ni mbaya zaidi. Zile hazikazwi kwa spana kila baada ya safari mbili. Zikilegea, kuna kitu kingine kimekufa: slaki yenyewe, au bushi za shafti ya breki, au lainingi imekwisha. Anayekaza kwa spana anafunika kidonda kwa nguo safi.

Sasa nirudi kwenye ukaguzi wako wa alfajiri, maana hapo ndipo swali lako lilipo. Ulijaza upepo, ukavuta breki ya tela, ukajaribu kuondoka nayo, gari likagoma. Ukaridhika. Ulipima kama breki zinashika. Hukupima kama zinaachia. Na hukosei peke yako: ndivyo tulivyofundishwa wote, ndivyo trafiki anavyouliza, ndivyo karatasi ya kuweka tiki inavyoandikwa. Hakuna mtu anayeandika "breki zimeachia?" kwenye karatasi. Gari likiwa limesimama, breki iliyobana na breki nzima zinafanana kama mapacha.

Usitegemee pia kwamba utaihisi ukiwa kwenye usukani. Kichwa chenye nguvu farasi 400 kinavuta karibu tani hamsini. Breki moja ya gurudumu moja ikibana, injini haijui, na wewe hujui. Zikibana zote sita utaona gari zito na dizeli inakwenda. Moja haikuambii kitu mpaka itoe harufu ya kuungua.

Basi ongeza jambo hili kwenye ukaguzi wako. Haliongezi hata dakika kumi. Egesha tambarare, weka vigingi, jaza upepo mpaka mwisho, fungua breki zote. Utingo aingie chini ya tela na kipande cha nondo, afike kwenye kila slaki, avute ule mkono unaosukumwa na busta. Utacheza kidogo, kama nusu inchi hadi robo tatu ya inchi. Usipocheza kabisa, lainingi imekalia drumu, hapo huondoki. Baada ya hapo wewe kanyaga pedali, yeye atazame: slaki zote sita zitoke pamoja. Achia: zote sita zirudi pamoja, kwa haraka, mpaka nyumbani. Ile inayorudi kivivu, inayojikokota kama mtoto anayetumwa dukani usiku, ndiyo itakayokulaza porini. Mara nyingi ni bushi zimekauka grisi, au springi ya kurudisha lainingi imelegea au imekatika. Na akiwa huko huko aangalie kinyume chake: busta ya namba 30, ambayo ndiyo imejaa kwenye matela yetu, ikisukuma zaidi ya inchi 2, yaani milimita 51, breki hiyo imelegea kupita kiasi na nguvu zake zinakwisha kabla haijashika vizuri.

Hata hivyo, slaki inaweza kucheza vizuri alfajiri ikabana saa moja asubuhi. Vyuma vikipata joto vinatanuka, bushi kavu inagoma, springi dhaifu inashindwa. Kuna ubovu ambao haupo kabisa gari likiwa baridi. Hauzaliwi mpaka gari limebeba, limekimbia, limechemka. Ubovu wa namna hiyo hutaukuta Igoma hata ukague kwa saa tatu na taa ya mgodini kichwani. Unaukuta Nyanguge.

Ndiyo maana mimi nahesabu ukaguzi wa pili kuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Kilomita 30 hadi 50 za mwanzo, unasimama. Kwa njia yako ni Nyanguge, au ukichelewa sana, Magu. Kwa anayekwenda Shinyanga ni mbele kidogo ya Usagara. Simama bila kukanyaga breki kwa nguvu mwishoni, acha gari lipungue lenyewe, maana ukisimama kwa breki utakuta magurudumu yote yana moto na hutajifunza kitu. Kisha zunguka. Usiguse. Peleka mgongo wa kiganja karibu na habu na drumu, kiganja kimoja mbali, uone joto linakupiga vipi. Linganisha kushoto na kulia kwenye ekseli ileile. Zote zikiwa na joto la wastani, sawa, breki zimefanya kazi. Moja ikiwa moto na mwenzake baridi, ndiyo hiyo. Na usiisahau ile ya baridi kabisa kati ya zenye joto: hiyo breki haifanyi kazi, wenzake wanambebea. Vile vipimajoto vya umbo la bastola tulivyoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa korona, kuna vya viwandani vinavyopima joto kubwa. Ukipata kimoja, utingo wako atazunguka tela lote kwa dakika mbili na kukusomea namba.

Hapa nina kisa changu. Enzi za kivuko cha Kigongo na Busisi, kabla ya daraja, nilikuwa natoka Geita na mzigo. Njiani nilibadilisha tairi la tela, nikakaza nati kwa nguvu zangu zote, nikaondoka. Kigongo na Busisi ilikuwa foleni ya kufa mtu siku hiyo, tumekaa upande wa Busisi saa mbili. Mama mmoja muuza karanga alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha tela langu. Nilipopita akanionyesha kwa kidole: "Baba, hii imetokwa na machozi." Natazama, michirizi ya kutu inashuka kutoka kwenye nati tatu kama aliyelia na wanja. Nati zilikuwa zimelegea, bolti mbili zimeshakatika. Tairi likibadilishwa, nati zinakazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa sababu rimu inajikalisha. Nililijua hilo. Sikulifanya. Lile gurudumu lingechomoka kabla ya Usagara.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita tatu zile unazipita kwa dakika chache na hakuna anayelilia kivuko. Mimi pia silii. Lakini foleni ile ilikuwa inatulazimisha kushuka, kunyoosha miguu, kuzunguka gari likiwa na joto lake, na watu wa pembeni wakilitazama kwa macho mapya. Ukaguzi wa pili tulikuwa tunaufanya bila kujua. Sasa hakuna wa kukulazimisha, itabidi usimame mwenyewe. Wewe umekimbia zaidi ya saa mbili, karibu kilomita mia, bila kushuka. Kama kuna mahali ulipokosea, ni hapo, na kosa lenyewe nalihesabu dogo.

Nilisema nitarudi kwa upepo wa tairi. Kugonga tairi kwa chuma ni desturi nzuri ya kutambua tairi lililokwisha kabisa. Zaidi ya hapo ni ngoma tu. Tairi lenye upepo wa PSI 120, kile kipimo cha geji, na lenye 90 yanalia karibu sawa, na kwenye magurudumu pacha lile dhaifu halionekani hata kwa macho kwa sababu mwenzake analinyanyua. Ilhali tairi likipungua asilimia 20 ya upepo wake, watu wa tairi wanalihesabu kuwa halina upepo: la 120 likisoma 96, usiondoke nalo. Kwa hiyo geji. Pima likiwa baridi, kabla hujatembea. Ukipima njiani likiwa na joto utakuta limepanda, na hapo ndipo wengine wanafanya ujinga wa kulipunguza. Likipoa litakuwa chini ya kiwango, na kesho yake umeanza safari na ugonjwa uliouleta mwenyewe.

Mengine nayapita haraka, kwa sababu naona unayafanya. Toa maji kwenye mitungi ya upepo kila siku, hasa huku kwetu ziwani ambako hewa ina unyevu. Yakitoka na mafuta meusi, kompresa inaomba fundi. Paipu za upepo kati ya kichwa na tela zitazame pale zinapojikunja na kusuguana. Hakikisha kufuli la sahani ya kichwa limefunga kingipini, ile pini ya tela, kwa kuingia chini na tochi, usisikilize mlio tu. Chomoa jiwe lililonasa kati ya tairi pacha.

Hata hivyo, si kila kitu kinakaguliwa. Paipu inaweza kuwa nzima asubuhi ikapasuka mchana, msumari haumwulizi mtu. Upepo ukianza kushuka ukiwa mwendoni, kengele ya dashibodi italia ikifika kama PSI 60. Usiwaze kufika senta ya mbele. Toka barabarani wakati bado una upepo wa kuchagua pa kusimama, kwa sababu ukishuka zaidi springi zitabana zenyewe na gari litasimama linapotaka lenyewe, hata katikati ya tuta.

Jambo moja la usalama, maana umeniandikia kwamba mlianza kufungua nati huku rimu haishikiki. Msirudie. Tairi la pili lilikuwa limeshapikwa, na tairi lililopikwa linaweza kupasuka dakika nyingi baada ya gari kusimama, nguvu yake inatokea ubavuni, pale pale mlipochuchumaa. Weka pembetatu zako mbali, si matawi ya miti, kaa mbali upande wa mbele au nyuma wa gari, subiri joto lishuke. Usimwage maji ya dumu kwenye drumu yenye moto, itapasuka. Ukiona moto umeshashika raba, ule mtungi mdogo wa unga utauzima kwa sekunde chache kisha utarudi, maana joto liko ndani. Kinachouua ni maji mengi sana kwa muda mrefu. Kama mna nafasi na hakuna hatari, tenganisheni kichwa na tela mkiokoe.

Kuhusu tajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimpi mwajiri ruhusa ya kukata tu kwa sababu amekasirika. Ili akukate kwa hasara, hasara hiyo iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akupe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi alivyopiga hesabu, akupe nafasi ya kupinga, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wako. Mkishindwana kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini mimi ningeanza kwa kuzungumza naye kwa heshima, vyuma vikiwa mezani. Muulize nani alimwita fundi, fundi alinyanyua tela au alikaza likiwa chini, na kwa nini breki zilihitaji kukazwa. Matajiri wengi wanaelewa haraka wakiona kwamba bado kuna magurudumu mengine matano yaliyokazwa na mkono uleule.

Hayo matano ndiyo ya kuanza nayo, kabla hujapakia tena. Yanyanyue moja moja, yazungushe. Kwenye ile ekseli ya kati, drumu iliyogeuka bluu ikaguliwe nyufa, na lainingi zibadilishwe pande zote mbili. Ukibadilisha kushoto peke yake, upande mmoja utashika kuliko mwingine. Beringi na sili ya habu ile pia zifunguliwe, maana joto lile limepita humo.

Na lile tairi lililopasuka, kama bado halijachukuliwa na wachonga ndala, usilitupe. Ligeuze utazame ndani. Lingekufa kwa upepo mdogo, ungekuta ubavu umesagika pande zote na unga wa raba umejaa kama pumba mashineni. Likiwa limeungua kwenye mdomo, raba imekuwa ngumu na inavunjika kama mkate mkavu, wakati ubavu na kashata, pale panapokanyaga barabara, bado ni nzima, hilo limeuawa na breki. Lipige picha, na mpelekee tajiri kipande chenyewe akishike kwa mkono.